Ubavu wa Kulia wa Boti ya Dada

Tarehe 3 Februari

Kwako mpwa wangu Kijiko,

Salamu zikufikie huko uliko, zikukute mzima, umeshiba na hujagombana na mtu. Sisi huku wazima. Mke wangu magoti yanamsumbua, lakini mdomo uko imara kabisa, namshukuru Mungu na kumlalamikia hapo hapo. Mimi jino la mbele limeondoka lenyewe bila kuaga, na sasa nikicheka, watu wanacheka zaidi. Jirani yetu mwashi amejenga ukuta umepinda mpaka kuku wanaogopa kupita karibu.

Usinilaumu kwa mwandiko. Shule nilikuwa napita nje yake nimebeba masufuria ya watu ya kuziba, herufi nimezijulia kwenye makopo ya rangi. Na habari za simu usiniletee. Sikio hili linasikia ufa wa sufuria lililoko nyumba ya tatu, lakini ukiniwekea simu nasikia nzi kwenye chupa. Barua mpe dereva wa lori la mchanga kama siku zote, na mimi nitampa yangu.

Sasa tuje kwenye lako. Umeuliza boti ya marehemu mama yako ikoje, maana umechoka kuhangaika na boti za wenyewe, unataka urudi uvushe watu mto kama alivyokuwa akifanya yeye. Boti ipo. Imelala kifudifudi nyuma ya nyumba chini ya turubai, tangu tulipomzika, mwaka wa pili huu. Jana nimeifunua. Ina kidonda puani, ukubwa wa kiganja, pale alipogonga gati siku ile ya upepo. Rangi imefifia, imekuwa kama meno yangu yaliyobaki. Basi, hakuna zaidi. Kwa fundi mwingine hiyo ni kazi ya mwaka. Kwangu ni kazi ya kufanya wakati chai inapoa. Mimi ndiye niliyeziba lile sufuria la harusi lenye tobo ambalo paka alikuwa analipita bila kuinama. Walipikiwa watu mia nne, paka akabaki nje analia.

Nimeigonga boti yote kwa kifundo cha kidole, kuanzia puani mpaka nyuma, kama ninavyogonga sufuria. Imenijibu vizuri. Mahali pamoja tu, kule nyuma injini inapofungwa, imemumunya maneno. Lakini na yenyewe imezeeka, tuisamehe.

Nitumie vifaa. Wewe andaa safari tu.

Mjomba wako,
Masikio


Tarehe 21 Februari

Mjomba, shikamoo. Na mkaza mjomba naye shikamoo nyingi, mwambie dawa ya kuchua magoti iko kwenye mfuko, imefungwa na soksi. Pole na jino. Dereva amenisimulia kwamba ukicheka sasa unapiga mluzi.

Mimi ni mzima. Chumba changu kiko juu ya stoo ya rangi, kwa hiyo hata ndoto zangu zina harufu. Hapa karakana tuko watu kumi na wawili na mashine zinapiga kelele kutwa, lakini mambo yangu si mabaya. Boti haitoki mlangoni mpaka mimi niseme ndiyo.

Sasa naomba unisikilize, maana hili silitaki liwe utani. Bosi ametoa mkataba mpya. Natakiwa nisaini kabla mwezi wa sita haujaisha, au niondoke. Nikisaini nimefungwa miaka miwili. Nisiposaini, halafu boti ya mama ikawa mbovu, nitakuwa sina huku wala huko. Macho yangu ni wewe, mjomba. Nataka ukweli wa boti ilivyo, si ule ukweli wa paka na sufuria.

Kwenye mfuko kuna kitambaa cha faiba, kopo la gundi yake, chupa ndogo ya dawa ya kuigandisha, asetoni, na misasa ya kila namba. Osha boti kwanza. Kisha pangusa kwa asetoni, maana mama alikuwa anaipaka nta, na juu ya nta hakishiki kitu. Kidonda kisugue kingo zake ziteremke taratibu kama sahani, ndipo ubandike kitambaa, kipande kidogo kwanza, halafu kikubwa, halafu kikubwa zaidi. Gundi ichanganye kidogo kidogo. Dawa ni kifuniko kimoja tu kwa kikombe kimoja. Funga kitambaa puani na ukae mahali penye hewa.

Msasa anza na ule mkali, malizia na laini. Namba zimeandikwa mgongoni.

Mpwa wako,
Kijiko


Tarehe 28 Machi

Kwako Kijiko,

Habari za siku. Umeona barua imechelewa ukadhani nimekufa, nakujua. Sijafa. Lori lilivunja ekseli, dereva akalala kwa shemeji yake wiki mbili, amerudi amenenepa. Mke wangu amejichua kwa ile dawa, sasa anatembea mpaka kwa mwashi kwenda kuucheka ukuta. Jino lingine linatikisika, tunaangaliana tu.

Mpwa wangu, mimi nimeshika bati, shaba, chuma, mpaka mlango wa benki nimewahi kuuchomelea. Lakini kitu kigumu kama boti ya mama yako sijakiona. Nimeosha, nimepangusa, nikachukua ule msasa mkali kuliko yote, namba elfu mbili. Nikasugua boti nzima. Siku ya kwanza, haitoki hata vumbi. Wiki ya kwanza, hakuna. Nikavua shati. Wiki ya tatu mkono umevimba kama wa mpiga ngumi, na boti inafanya nini? Inazidi kung'aa. Namba elfu mbili yote, mpwa wangu, na haijaacha hata mkwaruzo. Mtu mwingine angelia. Mimi nimeiheshimu.

Mke wangu aliupapasa ule msasa akasema mbona ni laini kama karatasi ya kufungia sabuni. Nikamwambia mama, pilipili iliyosagwa sana ndiyo inayowasha sana. Na sufuria namba kumi na sufuria namba mbili, kubwa ni lipi? Akanirudishia msasa wangu. Vidole vyangu mimi haviulizwi, miaka hamsini ya lehemu ya moto, nikishika kaa la moto naona ni kama kiazi.

Kwa hiyo kazi kubwa imekwisha. Kesho naingia kwenye kumalizia. Nitachukua ule laini kabisa, namba themanini, niipitie boti yote polepole kwa upendo, kama mtu anayempangusa mtoto uso.

Andaa sanduku.

Mjomba wako mshindi,
Masikio


Tarehe 9 Aprili

Mjomba, shikamoo, salamu zote kwa wote.

Weka huo msasa chini. Namba ndogo ndiyo kali. Themanini ndiyo kali kuliko zote nilizokutumia, ni ya kuchimbia kidonda tu. Elfu mbili ni ya mwisho kabisa, ya kung'arishia. Kosa ni langu, nilidhani kila mtu anajua.

Usiguse kitu mpaka barua hii ikufikie. Naona kichekesho kilichopo hapo, maana kama haijakufikia utakuwa umeshagusa.

Kijiko


Tarehe 6 Mei

Kwako mpwa wangu mpendwa, mpendwa sana, Kijiko,

Natumaini hujambo. Natumaini na bosi wako hajambo, na mkewe, na wenzako wote kumi na mmoja, kama nimesahau mtu nisamehe. Huku hali ya hewa ni nzuri. Juzi lilipita wingu lakini halikufanya kitu. Mwashi amebomoa ukuta, anaujenga upya, sasa umepinda upande wa pili. Dereva ameoa. Mke wa dereva ni mrefu. Kuku wa kwetu mwekundu ameatamia mayai tisa, yamepasuka saba. Barua yako ya tarehe tisa Aprili imenifikia salama, jana, ahsante.

Boti huwezi kuitambua. Kidonda cha puani nimekiziba. Mara ya kwanza nilitaka kwenda haraka, nikamimina chupa yote ya dawa kwenye kopo, nikachanganya. Kopo likapata homa. Likaanza kutoa moshi, nikalitupa kwenye majani, majani nayo yakatoa moshi, mwashi akaja na ndoo ya maji. Nikamwambia nilikuwa nafukuza mbu. Bahati nilikuwa nimetenga gundi nusu na dawa kidogo iliyobaki kwenye kifuniko, mara ya pili nikafanya ulivyosema, kidogo kidogo. Kitambaa kimelala pale kama ngozi. Mapovu ya hewa nimeyasukuma nje moja moja kwa mgongo wa kijiko. Nimegonga, inajibu kama sufuria jipya. Hapo hata wenzako waje watazame.

Na ubavu wa kushoto, mpwa wangu. Ubavu wa kushoto unang'aa mpaka mke wangu anausogelea kufunga kilemba. Ndege alitaka kutua kwenye ubavu wa kushoto akajiona, akarudi. Watu wanatoka ng'ambo kuja kuangalia ubavu wa kushoto. Mama yako angeuona ubavu wa kushoto angenipigia magoti, na yeye unajua hakumpigia mtu magoti.

Hebu nikuulize na mimi, huko umeshatengeneza boti ngapi kwa mkono wako? Hujawahi kunihesabia.

Ni mimi mjomba wako,
Masikio

Mwanangu, mimi ni mkaza mjomba wako, amekwenda kutafuta bahasha. Muulize ubavu wa kulia. Mimi sijasema kitu.


Tarehe 18 Mei

Mjomba, shikamoo. Mkaza mjomba, shikamoo ya pekee.

Nimefurahi dereva ameoa. Nimefurahi mke wake ni mrefu. Na kile kidonda, kama ni kweli ulivyosema kuhusu mapovu, umefanya kazi ya fundi, nakupa heko.

Lakini nimehesabu. Umetaja ubavu wa kushoto mara tano. Boti ina mbavu mbili, mjomba.

Na kuna jingine linalonikosesha raha kuliko huo ubavu. Barua yako ya kwanza ulisema kule nyuma boti ilimumunya maneno. Nililisoma kwa haraka nikalipita, sasa limerudi halitoki. Pale ndipo injini inaponing'inia. Ndani ya faiba ya pale kuna ubao, na ubao ukinywa maji unaoza kimyakimya huku nje kunang'aa. Nenda ukagonge tena. Gonga kama unavyogonga sufuria la mteja, si kama la mpwa. Utakachosikia, niandikie hicho hicho.

Imebaki wiki sita. Bosi ameuweka mkataba juu ya meza yake, na kalamu juu yake, kila nikipita ananionyesha kwa kidevu. Nitasaini au nitaacha kwa neno lako.

Kijiko


Tarehe 3 Juni

Kijiko,

Tuko wazima. Leo salamu ni fupi, usishtuke.

Ubavu wa kulia umekwisha. Niliusugua kwa ile themanini siku nne mfululizo, kwa upendo kama nilivyokuahidi. Nilikuwa naimba. Mke wangu alipokuja na chai akasimama, akaniuliza, hivi huyu mnyama aliyeipitia boti ya dada yako alikuwa na kucha ngapi? Ndipo nikavaa miwani. Mpwa wangu, ni mikwaruzo mwanzo mpaka mwisho, kama uwanja waliochakura kuku mia mbili. Kuanzia hapo nimeilaza boti kwa namna ambayo mgeni anaona kushoto tu.

Hilo ni la kuchekesha. La pili halichekeshi.

Nimegonga kule nyuma. Siku ile ya kwanza nilisikia, nisikudanganye. Sikio hili halijawahi kukosea, ni mdomo ndio unaokosea. Ilisikika kama sufuria lenye uji. Juzi nimechukua keekee nikatoboa kitundu kimoja chini, na maji yakatoka. Rangi ya chai ya rangi, na harufu ya kikapu kilicholala mvuani. Yalitiririka nikiwa nimekaa pale mpaka mke wangu akaniletea kigoda. Nimekata kipande cha faiba ya ndani, ubao umekuwa kama mkate uliolowa, nauchota kwa vidole.

Kwa nini nilikwambia tuisamehe? Kwa sababu nilijua nikikwambia ukweli hutarudi. Nyumba hii tangu mama yako aondoke imekuwa na sauti mbili tu, na moja ni yangu, nimeshaisikia sana. Nilitaka urudi. Nilifikiri ukifika, tutajua la kufanya. Halafu nikaona watu wamepanda, katikati ya mto, ubao unaachia, injini inakwenda chini na wewe umeushika usukani wake. Nimeona hayo mchana macho makavu, ndipo nikachukua keekee.

Kwa hiyo neno langu ndilo hili. Saini huo mkataba, mwanangu. Boti si nzima.

Lakini na wewe kuna swali hukulijibu. Nimekuuliza umetengeneza boti ngapi, ukanipongezea mke wa dereva. Nimezipanga barua zako zote za miaka sita mezani. Nasikia msasa, nasikia nta, nasikia kung'arisha. Kuziba tobo sijasikia hata siku moja. Mimi ni muongo wa zamani, mpwa wangu, nawajua wa fani yangu kwa harufu.

Masikio


Tarehe 14 Juni

Mjomba wangu, shikamoo.

Barua yako nimeisomea kwenye ngazi za chumba changu. Nimelia kidogo na kucheka sana, wenzangu wakadhani nimevuta gundi.

Umenikamata. Miaka sita sijaziba tobo. Nilipofika walinipa msasa, na sijawahi kuuweka chini. Hapa hawaniiti Kijiko, wananiita Bi Msasa. Ni kweli boti haitoki mpaka niseme ndiyo, kwa sababu mimi ndiye wa mwisho, ndiye ninayefuta alama za mafundi wenyewe. Nilikuwa nawaandikia nyumbani kama vile karakana ni yangu. Mama alikuwa anawasomea majirani barua zile, nikashindwa kurudi nyuma.

Sasa sikia ulichokifanya bila kujua. Katika kazi zote za boti, ipo moja ambayo naiweza kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, nayo ni kuondoa mikwaruzo ya namba themanini. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya miaka sita. Wanachimba wao, nafuta mimi. Namba mia mbili na ishirini, mia nne, mia sita, elfu, elfu mbili na maji, halafu dawa ya kusugulia, halafu nta. Palipochimbika sana tutapaka ganda jipya kwanza. Mjomba, ungeniharibia kitu kingine chochote, nisingejua pa kuanzia.

Na ule ubao wa nyuma, tangu lile neno la kumumunya liliponirudia, niliona aibu ikaniisha, nikamfuata fundi wetu mkubwa wa faiba nikamwambia nifundishe. Alinitazama kama kiti kimezungumza. Tangu hapo nimebadilisha mbao mbili naye, na wiki hii nimefanya ya tatu mwenyewe, yeye amesimama anakula karanga. Alipomaliza karanga akasema sawa. Yeye akisema sawa, wengine wanapiga makofi.

Kwa hiyo ubao uliooza uchote wote mpaka ufike kwenye mzima, ukauke kabisa, funika mvua isiingie. Usibandike kitu. Ulio mpya tutauweka pamoja, mimi nabandika, wewe unagonga, na hatuifungi injini mpaka sikio lako liseme ndiyo.

Umesema boti si nzima, nisaini. Lakini mimi sikuwa nangoja boti nzima, mjomba. Nilikuwa nangoja mtu wa kuniambia ilivyo. Jana nimeingia kwa bosi nikamrudishia kalamu yake.

Dereva anasema anarudi kwetu tarehe mbili. Mwambie mkaza mjomba sauti ya tatu inakuja, na ina kelele.

Kijiko


Tarehe 25 Juni

Kwako Kijiko, au Bi Msasa, nitachagua nikikuona,

Salamu utazikuta hapa hapa, hakuna haja ya kuzipandisha lori.

Ubao nimeuchota wote. Nyuma ya boti sasa ni tupu kama kinywa changu, maana na lile jino la pili limeondoka. Misasa yako nimeigeuza nikaiandika mgongoni kwa mkaa, majina ninayoyaelewa mimi. Themanini nimeiita Mke wa Simba. Elfu mbili nimeiita Mashavu ya Mtoto. Hakuna tena mtu wa kudanganywa na namba katika nyumba hii.

Chumba cha mama yako kimefagiliwa. Mke wangu amekifagia mara tatu, magoti anasema hayajui.

Masharti yangu ni machache. Ubavu wa kushoto usiuguse, huo ni wangu, na abiria watapandia upande huo mpaka nife. Ubavu wa kulia ni wako, ukiung'arisha ukazidi wa kwangu tutagombana. Na watu wa ng'ambo wameanza kuuliza huku nyuma ya nyumba nani aliikwaruza boti ya marehemu. Nimeshawaambia ni mbuzi wetu, mkali sana, ana pembe tatu. Ukifika nawe useme hivyo hivyo, tusipingane mbele za watu.

Dereva nimemwambia akirudi bila wewe, mchanga wake ataubebea kichwani.

Mjomba wako,
Masikio

Mwanangu, ni mimi mkaza mjomba. Njoo upesi. Mbuzi hatuna.